Picha za mwani kwa jua: mbona bluu inanikimbia nikishaosha?

bint_maweni
Assalam alaykum jamani. Nna jambo linanitoa roho mwezi wa pili huu, kila nnayemuuliza ananijibu jua, jua, jua, na mie jua ninalo, niko Jambiani, Unguja, jua la kumwaga. Ntaeleza kirefu mnivumilie.

Nafanya zile picha za bluu, sayanotaipu, hazitaki kamera wala umeme. Unachanganya dawa mbili, unapaka kwenye karatasi au kitambaa ndani gizani, ikikauka unalaza jani juu yake, unagandamiza na kioo unatoa juani. Palipokaa jani panabaki peupe, kwengine kote bluu iliyokoza kama maji ya nje ya mwamba. Nlianza na majani ya mkungu na mpapai lkn kilichonikaa moyoni ni mwani, mama yangu analima mwani tangu mie sijaanza skuli, na ukiulaza vizuri kila kitawi unakiona, hata zile ncha laini jua linapenya kidogo panatoka bluu hafifu kama moshi. Nataka nifanye kadi na vitambaa vya ukutani niwauzie wageni.

Sasa shida yangu. Mwezi wa nne nilifanya kama ishirini hivi, masika, mawingu kutwa, nikisubiri nusu saa mpaka saa nzima ndo dawa igeuke, zikatoka nzuri mno na mpaka leo zipo ukutani. Mwezi wa kumi na mbili hadi sasa ni kaskazi, jua kali, dakika nane ishageuka, nikiitia majini bluu inapanda vizuri nafurahi, nikiiacha kwenye beseni isafike inaanza kufifia, inakuwa kama nguo iliyofuliwa miaka kumi, nyengine inabaki manjano ya kutu tu. Dawa ile ile, karatasi ile ile, mkono ule ule. Nimeongeza muda juani, nimepunguza, wapi. Bafta mita tatu nshaiharibu.

Vipimo vyangu ni gramu 25 za feri amonia sitreti ndani ya mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisianidi ndani ya mililita 100 nyengine, nachanganya sawa kwa sawa wakati wa kupaka.

ngambo_boi
Waalaykum salaam. Jua limezidi hilo sister. Kaskazi hii dakika nane nyingi, weka tatu.

bint_maweni
Nshaweka tatu, nshaweka mbili. Ikiwa kidogo inatoka hafifu tangu mwanzo, hiyo naielewa. Mie inatoka imekoza halafu inakufa mbele ya macho yangu.

mkarafuu_mkavu
Shoga, miye niko Wete, pole. Jua likizidi haifi, inazidi kukoza mpaka na pale peupe panaingia uchafu wa bluu. Nadhani dawa yako imeharibika. Ile ya sitreti inaota kuvu ukiiweka muda, yangu iliota utando juu kama wa uji uliolala, nikawaza hapa Pemba karafuu ndo dawa ya kila kitu nikatia tone la mafuta ya karafuu, yakaelea juu yananitazama 😂 mafuta na maji wapi na wapi. Siku hizi nachuja kwa kitambaa, na natengeneza kidogo kidogo.

Na unyevu pia uangalie. Karatasi ukishaipaka usiiweke siku tatu, hewa yetu hii nzito inageuka yenyewe ndani ya mfuko. Paka usiku, tumia asubuhi.

bint_maweni
Dawa nimetengeneza mpya mara mbili shoga angu. Na usiku napaka, kwa chemli.

ngambo_boi
Basi umeuziwa feki. Mie niliagizia hiyo ferisianidi duka moja silitaji, ikaja chupa ina chembe za manjano, nachanganya tu bluu ishatoka kabla ya jua, picha hakuna. Kumbe wamenipa FEROsianidi, herufi moja tu hiyo! Ya sawa ni nyekundu ya machungwa, kama kito, ukiona manjano rudisha.

Na tukiwa hapo hapo, mtu asitumie kioo cha mbele cha gari kama nilivyofanya mie kwa ujanja wangu. Kile kina plastiki katikati ya tabaka mbili za kioo na ndo inayozuia yuvii, ile miale ya jua inayogeuza dawa, nikakaa juani saa nzima kichwa kinaniuma na karatasi iko vile vile. Kioo cha fremu ya picha ndo chenyewe.

bint_maweni
Yangu nyekundu. Na bluu INATOKA, soma vizuri baba, tatizo inaondoka.

paje_kwetu
Chumvi hiyo. Visima vyetu vya kusini vina chumvi mtu anajua tangu utotoni. Mwani wenyewe pia umejaa chumvi.

mzee_wa_ramani
Wajukuu salamu. Nimepita tu nikaona neno bluu nikasimama. Binti, nijibu mambo matatu kabla watu hawajakumalizia bafta. Mwezi wa nne ulioshea maji gani? Sasa hivi unaoshea maji gani? Na birika lako la chai, ukilichungulia ndani, lina ukoko mweupe au halina?

bint_maweni
Shkamoo babu. Mwezi wa nne masika tulikuwa tunakinga maji ya mvua ya bati, tuna pipa mbili, nikiyatumia hayo kwa sababu yalikuwa mengi. Sasa hivi ya kisima cha nyumbani. Birika... ngoja nikaangalie.

Lina ukoko babu. Mnene kama ganda la yai 😳

mzee_wa_ramani
Marahaba. Basi jua lako halina kosa, dawa yako haina kosa. Maji.

Nikueleze kwa utaratibu, mie sina haraka, nimestaafu. Huko kwenu Jambiani, Makunduchi, Paje, yote ni maweni, mnakaa juu ya jiwe la matumbawe. Jiwe hilo hilo tunalolichoma tukapata chokaa. Mvua ikipita katikati ya jiwe mpaka kufika kisimani imeshabeba chokaa yake, ndiyo inayoganda ndani ya birika lako ukichemsha. Maji ya namna hiyo ukiyapima yako upande wa magadi, siyo upande wa ndimu. Na hiyo bluu ni chuma kimeshikana na ile sianidi, inastahamili vitu vingi, inastahamili ndimu, inastahamili siki, lakini kitu cha upande wa magadi kinaivunja vipande. Chuma kinabaki peke yake, na chuma kikibaki peke yake kinakuwa kutu. Hayo manjano uliyoyaona mwisho ni kutu kweli, hukukosea kusema.

Wa Paje, chumvi ya kula haina dhambi hapa. Ingawa mwani lazima usuuzwe, kwa sababu chumvi inaacha madoa na kuvuta unyevu kwenye karatasi.

Nimejuaje? Nilikuwa mchoraji ramani. Nilipoingia kazini kijana ramani tulizokuwa tukitoa wenyewe ni zile za amonia, mistari ya zambarau kwenye karatasi nyeupe, ofisi nzima inanuka mpaka macho yanatoka machozi. Lakini makabatini kulikuwa na za zamani, bluu tupu na mistari myeupe, hizo ndizo sayanotaipu hizo hizo unazofanya wewe. Fundi aliyenifunza alinionesha jambo sijalisahau. Ukitaka kuongeza mstari kwenye ramani ya bluu huchori kwa wino. Unakoroga magadi kidogo kwenye maji, unachovya kalamu, unaandika. Bluu inakufa pale kalamu ilipopita, unabaki mstari mweupe. Wewe binti unachovya karatasi nzima kwenye wino huo.

ngambo_boi
Duh

mkarafuu_mkavu
Lahaula. Na miye huku natumia ya bomba sijawahi kuona hivyo, nikadhani wewe ndo una mkono mbaya, nisamehe shoga.

bint_maweni
Sasa mvua ntaipata wapi kaskazi hii babu? Na maji ya chupa kwa kuoshea bafta si ntafilisika.

mzee_wa_ramani
Kamulia ndimu. Beseni la lita tano ndimu tatu, au kikombe cha kahawa kimoja cha siki, kile kikombe kidogo cha muuza kahawa. Jaribu kwanza kwa vipande vidogo, usinitie hatiani kwa bafta nyengine. Na usiilaze majini kutwa. Iwe inaogeshwa, unabadilisha maji, mpaka yale majimaji ya kijani manjano yanayotoka yaishe, kisha toka. Dakika tano mpaka kumi kwa karatasi zinatosha, kitambaa zaidi kidogo.

Karatasi nayo iangalie. Hizi za kawaida za mashine ya fotokopi nyingi zimetiwa chokaa ndani yake makusudi ili zisigeuke manjano, kwa hiyo hata ukiosha kwa maji ya peponi adui umemlaza ndani. Tafuta ya rangi za maji isiyotiwa chokaa.

paje_kwetu
Babu mbona hiyo ndimu na sianidi hainitulizi moyo. Si sumu hiyo? Mtu ana watoto nyumbani.

mzee_wa_ramani
Swali zuri, na lilifaa liwe la kwanza kuulizwa. Kwenye ferisianidi ile sianidi imefungwa na chuma kwa kifundo kigumu sana, ndimu na siki za kuoshea haziwezi kukifungua. Kinachoweza ni tindikali kali, mfano ya betri ya gari, au kuiweka motoni. Hapo inatoka hewa ya kuua mtu. Kwa hiyo tindikali ya betri isikae hata chumba kimoja na kazi hii, na usichemshe dawa, na usichome makaratasi yaliyobaki. Vaa glavu, usitumie sufuria ya nyumbani, chupa andika na weka juu watoto wasifike, maji ya kwanza ya kuoshea usimwage karibu na kisima.

mkarafuu_mkavu
Ndo maana miye na watoto wa likizo sitii dawa yoyote, tunatumia manjano. Manjano ya mchuzi hayo! Unaloweka ya unga kwenye spiriti, unachuja, unapaka karatasi, unalaza jani juani. Haina haraka ile, masaa mawili matatu, pengine kutwa. Panapopigwa jua panapauka, chini ya jani panabaki manjano. Halafu ukipitisha maji ya magadi kwa brashi, ile manjano inageuka nyekundu ya matofali, watoto wanapiga kelele utafikiri mchawi kaja.

Ubaya wake haidumu. Hakuna namna ya kuizuia isiendelee kupauka, ukiitundika mwangani inakwenda zake. Sie tunaziweka ndani ya daftari. Nina moja ya jani la mkarafuu na moja ya kikuba kizima, asumini, mrehani na kilua, kilua kimeacha kivuli kama mkono wa mtoto.

ngambo_boi
Na mtu akitaka ya msitu wa Ngezi? Mpapindi ule, mti wa jamii ya mnazi, si unapatikana Pemba tu dunia nzima, kadi ya mpapindi ingeuzika.

mkarafuu_mkavu
Ngezi ni hifadhi babu, hukati kitu mle. Nlipokwenda niliwauliza walinzi kwanza, nikaruhusiwa kuokota kipande kilichoanguka njiani. Na jani lenyewe kubwa linahitaji shuka la kitanda sio kadi 😂

bint_maweni
Nimerudi. Kaeni mkao.

Jana asubuhi nimekata karatasi moja iliyotoka juani vipande vitatu, mwani ule ule, dakika zile zile. Beseni la kwanza kisima kitupu. La pili kisima na ndimu tatu. La tatu dada wa jirani ana ndoo ya mvua ya vuli aliyoifunika anafulia kanzu za mumewe, kanigaia jagi mbili kwa masharti nimpe picha. Nimeziacha zote saa nzima makusudi, babu usinigombeze.

La kwanza limekufa kama kawaida. La tatu zuri. La pili, wallahi, la pili limeshinda la tatu! Zile ncha laini za mwani ambazo zamani zilikuwa zinajifuta zimebaki, bluu hafifu, bluu ya kati, bluu nzito, zote zipo. Nimemwita mama aje aone kaniambia "hii si spinosamu yangu hii?" yaani aina ya mwani anayolima, akaitambua kwa matawi.

Nimekaa jikoni nikalia kidogo. Bafta mita tatu kwa ajili ya ndimu tatu.

mzee_wa_ramani
Hongera. Ndivyo inavyofanya ndimu, inazuia zile rangi za kati zisioshwe. Na usiku huu ukitaka kuona bluu yake ya mwisho bila kungoja siku mbili ikomae hewani, nunua duka la dawa ile haidrojeni paroksaidi ya kuoshea vidonda, asilimia 3, tia kifuniko kimoja kwenye maji ya mwisho. Inaruka papo hapo.

Nikwambie jambo jengine utafurahi. Njia hii ya picha za bluu aliigundua Mwingereza John Herschel mwaka 1842. Mwaka uliofuata, 1843, kuna mwanamke wa huko huko Uingereza, Anna Atkins, rafiki wa familia yake, akaanza kuitumia kutengeneza vitabu vya picha za mimea, akaifanya kazi hiyo miaka kumi. Unajua alianza na mmea gani?

bint_maweni
Usiniambie mwani babu.

mzee_wa_ramani
Mwani. Wa pwani za kwao. Alisema mwani ni mdogo na mgumu kuuchora kwa mkono.

bint_maweni
Subhanallah. Nimemsomea mama, kauliza "huyo alikuwa anauza kilo shilingi ngapi?" 😂

paje_kwetu
Mama yako ana akili kuliko sote. Huku kwetu na Jambiani tunalima kwa biashara tangu 1989 na bei haijawahi kumfurahisha mtu. Ile aina ya kotoni yenye bei ndo inakufa maji yakipata moto, tunabaki na spinosamu ya bei ya chini. Kadi moja ukiiuza kwa mgeni unaweza kushinda kilo ngapi za mwani mkavu? Piga hesabu na akina mama wengine uwaingize.

bint_maweni
Nshawaza hilo, wawili wako tayari. Mtu akiwa na jicho la kutandaza mwani ana kazi. Maana kutandaza ndo shughuli yenyewe, dawa mtu yoyote anapaka. Mwani ukiutoa majini unajikunja kama nywele zilizolowa, ukiuweka hivyo hivyo kwenye karatasi unapata dude. Mie nafanya hivi: nausuuza chumvi kwa maji matamu, natia maji kwenye sinia, nazamisha karatasi ya kawaida chini, nauelekeza mwani uelee juu yake, natandaza tawi moja moja kwa mti wa kiberiti, halafu nainua karatasi taratibu kutoka chini na mwani unakaa ulivyotandaza. Juu yake kitambaa, juu yake madaftari na jiwe, siku mbili tatu nabadilisha kitambaa. Ukikauka unabandua, hapo ndo uko tayari kwa jua. Kotoni ni nene mno, ina maji kama tango, hiyo nachana kitawi kimoja tu cha ncha.

Swali la mwisho jamani, vile vipande vilivyokufa nivitupe? Na mtu akitaka rangi isiyokuwa bluu?

mzee_wa_ramani
Usitupe. Sasa utamfanya adui awe kibarua. Chukua picha nzuri iliyokomaa, ipitishe kwenye maji ya magadi hafifu makusudi mpaka ipauke manjano, isuuze vizuri, kisha ilaze kwenye chai ya rangi iliyokolea sana, isiyo na sukari tafadhali. Ile kutu inashikana na ukakasi wa majani ya chai inakuwa kahawia nzito karibu na nyeusi. Vile vipande vyako vilivyokufa nusu vijaribu hivyo hivyo. Magome ya mkoko yana ukakasi mwingi kuliko chai, wazee walikuwa wakitilia rangi, lakini usibandue mti ulio hai kwa ajili ya kadi, tumia magome ya boriti kuukuu.

ngambo_boi
Na vya ukutani wageni wakifua?

mkarafuu_mkavu
Waambie wasitie sabuni ya unga, ni magadi yale yale. Maji ya baridi, sabuni laini kidogo, kivulini. Na ikipauka kwa jua la dirishani waitie kabatini siku kadhaa gizani, bluu inarudi.

paje_kwetu
Inarudi yenyewe?

mkarafuu_mkavu
Inarudi. Ya jua inarudi, ya sabuni hairudi.

bint_maweni
Kesho bamvua, maji yanatoka mapema, nashuka na mama shambani na sinia langu kichwani, watu watafikiri nauza vitumbua. Babu mzee wa ramani nitumie anwani pembeni, kadi ya kwanza yako. Ya pili ya dada mwenye ndoo ya mvua, kashanikumbusha mara mbili leo.

mzee_wa_ramani
Ya kwanza mpe mama. Mie nitumie kile kipande cha beseni la kwanza, kilichokufa. Nakitaka nikionyeshe watu barazani.